Baiskeli Inapoua, Mahakama Ipime Nini?

Mwezi Februari 2016, mchana wa siku ya kazi, mama wa watoto wawili mwenye umri wa miaka 44 alikuwa akivuka barabara ya Old Street jijini London alipogongwa na kijana wa miaka 18 aliyekuwa juu ya baiskeli isiyo na breki ya mbele. Aliumia kichwa, na baada ya wiki moja akafariki. Mwaka uliofuata kijana yule alifikishwa katika mahakama ya Old Bailey akikabiliwa na mashtaka mawili: kuua bila kukusudia, na kosa la kumdhuru mtu kwa kuendesha chombo kwa kasi ya kutojali, ambalo limo katika sheria iliyotungwa mwaka 1861. Jopo la raia lilimwondolea shtaka la kwanza likamtia hatiani kwa la pili, na mwezi Septemba 2017 jaji akampa kifungo cha miezi 18.

Kesi hiyo imezungumzwa sana Uingereza, na mara nyingi imezungumzwa kwa hasira, upande mmoja ukitaka waendesha baiskeli wote waadhibiwe na upande wa pili ukijitetea kana kwamba umeshtakiwa wote. Kilichonishughulisha mimi ni ile sheria ya 1861. Kifungu cha 35 cha sheria hiyo kiliandikwa kwa ajili ya makochi na magari ya kukokotwa na farasi, wakati baiskeli yenye mnyororo ilikuwa bado haijatengenezwa. Ilipofika mwaka 1879, katika kesi ya Taylor dhidi ya Goodwin, ndipo mahakama ilipoamua kwamba baiskeli nayo ihesabiwe kuwa gari kwa madhumuni ya sheria ya barabara ya mwaka 1835, na mwaka 1888 Bunge likauweka msimamo huo katika maandishi. Kifungu chenyewe kinaadhibu kumdhuru mtu mwilini na hakitaji kifo popote. Adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha miaka miwili. Mume aliyemzika mkewe alitoka mahakamani na hukumu inayosema kwamba mkewe alidhurika.

Mwendesha mashtaka aliyetaka kukwepa kifungu hicho hakuwa na njia nzuri zaidi. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1988 ina kosa la kuendesha baiskeli kwa hatari, lakini adhabu yake ni faini isiyozidi pauni 2,500, na la kuendesha bila uangalifu faini yake haizidi pauni 1,000. Makosa hayo mawili hayatofautishi kati ya mtu aliyepita taa nyekundu bila kumgusa yeyote na mtu aliyepita taa hiyo hiyo akaua. Juu yake kuna kuua bila kukusudia, kosa ambalo adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha na ambalo linahitaji uthibitisho wa uzembe uliokithiri au wa kitendo kingine cha jinai kilichokuwa cha hatari. Kati ya faini na kosa hilo zito hakuna kitu, isipokuwa hicho kifungu cha zama za farasi, ambacho nacho kinahusu England na Wales tu, kwa kuwa Scotland ina mfumo wake.

Ninaandika haya nikiwa mwendesha baiskeli. Nimekulia Tanga, mji ambao baiskeli ni chombo cha kila mtu, awe mwalimu, mchuuzi wa samaki au mwanafunzi, na hapa London ndiyo inayonipeleka kazini. Wenzangu wengi ninaoendesha nao hawapendi kusikia kwamba naunga mkono kuwepo kwa kosa jipya la kusababisha kifo kwa kuendesha baiskeli kwa hatari. Hoja yao ya kwanza ni ya hesabu, na hesabu yao ni ya kweli. Mwaka 2023 watu 1,624 walikufa katika barabara za Uingereza bara, na 405 kati yao walikuwa watembea kwa miguu. Karibu wote hao waliuawa na magari. Wanaouawa kwa kugongwa na baiskeli kwa kawaida hawafiki kumi kwa mwaka mzima. Mwaka huo huo waendesha baiskeli 87 walipoteza maisha yao. Kwa nini basi, wanauliza, Bunge litumie muda wake kwa hatari ndogo kuliko zote, huku madereva wanaotuua sisi wakipewa adhabu ambazo familia zetu hazizielewi?

Uchungu uliomo katika swali hilo naujua na ninaushiriki. Ila uchache wa vifo unatuambia fedha za usalama zielekezwe wapi, askari wakae kwenye makutano gani na barabara zichorwe upya vipi. Hautuambii mahakama ifanye nini pale kifo kimoja kinapokuwa mbele yake. Familia ya Old Street haikupata msiba mdogo kwa sababu ya uhaba wa misiba inayofanana nayo. Tena pengo lililopo linamuumiza mshtakiwa pia, jambo ambalo wenzangu hawalioni: pale ambapo hakuna kosa la katikati, upande wa mashtaka wenye kifo mkononi unavutwa kujaribu kosa kubwa, na mtu ambaye kosa lake ni la wastani anajikuta anakabiliwa na shtaka la kuua.

Historia ya madereva wa magari inalionyesha hilo vizuri. Mwanzoni dereva aliyeua mtu barabarani alishtakiwa kwa kuua bila kukusudia kama mtu mwingine yeyote, kwa kuwa hapakuwa na kosa mahususi. Mwaka 1937, katika rufaa ya Andrews, Baraza la Makabaila, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, lilisema kwamba uzembe wa kawaida wa dereva hautoshi kwa kosa hilo na kwamba lazima uwe wa kiwango cha juu sana. Kikwazo cha sheria kilikuwa kirefu, na kikwazo cha moyo kilikuwa kirefu zaidi, kwa sababu wajumbe wa majopo waliokuwa na magari nyumbani walimtazama mshtakiwa wakajiona wao. Hawakutaka kumwita muuaji mtu aliyefanya jambo ambalo wao wenyewe wangeweza kulifanya siku moja. Ndiyo sababu mwaka 1956 Bunge lilitunga kosa la kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa hatari. Halikutungwa ili kuwakomoa madereva. Lilitungwa ili majopo yawe na shtaka wanaloweza kulikubali bila kudanganya dhamiri zao. Waendesha baiskeli wa leo tuko pale walipokuwa madereva kabla ya 1956, na sioni sababu ya kung'ang'ania kubaki hapo.

Safari ya kutoka huko imekuwa ndefu kuliko ilivyostahili. Mwanasheria Laura Thomas, aliyeombwa na serikali aichunguze sheria iliyopo, aliona mwaka 2018 kwamba hoja ya kuibadilisha ina nguvu. Maoni ya wananchi yakakusanywa mwaka huo huo, kisha shauri likalala kwa miaka. Mwezi Mei 2024 mbunge Iain Duncan Smith aliliingiza kosa jipya katika mswada wa sheria ya jinai, lakini uchaguzi mkuu ukaitishwa na mswada ukafa na Bunge lililovunjwa. Mwaka 2025 serikali mpya ilileta mapendekezo yake yenyewe ndani ya mswada wa uhalifu na polisi, yakiwa na makosa manne. Kusababisha kifo kwa kuendesha baiskeli kwa hatari kungekuwa na adhabu ya juu ya kifungo cha maisha. Kusababisha majeraha makubwa kwa kuendesha kwa hatari, miaka mitano. Kusababisha kifo kwa kukosa uangalifu, miaka mitano. Na kusababisha majeraha makubwa kwa kukosa uangalifu, miaka miwili.

Hapo ndipo nakubaliana na wenzangu kwa sehemu, kwa kuwa kutunga kosa ni jambo moja na kulipima ni jambo jingine. Kipimo kinachotumika kwa madereva ni hiki: je, uendeshaji wa mshtakiwa ulianguka chini kabisa ya kile kinachotarajiwa kwa dereva mwenye ujuzi na uangalifu, na je, dereva wa namna hiyo angeona wazi kwamba ni hatari? Kwa baiskeli sheria inaweka mwendesha baiskeli mwenye ujuzi na uangalifu mahali pa dereva. Kwa maandishi ni kipimo cha haki. Ugumu wake unatokea katika chumba cha mahakama, ambamo wengi wa wajumbe wa jopo hawajawahi kupanda baiskeli katikati ya mabasi na malori tangu walipokuwa watoto. Wajumbe wa miaka ya 1950 walimhurumia dereva kupita kiasi kwa kuwa walifanana naye. Wa leo wanaweza kumhukumu mwendesha baiskeli kupita kiasi kwa kuwa hawafanani naye. Kanuni za barabara za Uingereza, kwa mfano, tangu zilipofanyiwa marekebisho mwaka 2022, zinamshauri mwendesha baiskeli akae katikati ya njia yake anapokaribia makutano au anapokuwa katika barabara tulivu, ili aonekane na asipitwe mahali pembamba. Mtu asiyejua sababu hiyo ataona kiburi. Vivyo hivyo kupita pembeni mwa foleni ya magari yaliyosimama kunaruhusiwa, ingawa aliyeketi ndani ya gari huliona kama uhuni. Kwa hiyo ningetaka jaji alazimike kulieleza jopo, kwa maneno ya wazi na kwa kutumia kanuni hizo, mambo ambayo mwendesha baiskeli mwangalifu huyafanya kila siku, kabla ya kuliuliza kama mshtakiwa alianguka chini yake.

Kesi ya Old Street, ikipimwa hivyo, si ngumu. Kanuni za mwaka 1983 zinataka baiskeli inayotumika barabarani iwe na mifumo miwili ya breki inayojitegemea. Baiskeli aliyoipanda yule kijana ilikuwa ya mbio za uwanjani, ambayo gurudumu lake la nyuma limefungwa moja kwa moja na pedeli, hivi kwamba mpandaji hupunguza mwendo kwa kuzizuia pedeli kwa miguu. Sheria inauhesabu mfumo huo kuwa breki moja, na ya pili, ile ya gurudumu la mbele, haikuwepo. Kwenye uwanja wa mbio hakuna anayevuka. Katikati ya jiji mchana kila mtu anavuka. Aliyeamua kuingia mjini na chombo ambacho hakiwezi kusimama inavyotakiwa alifanya uamuzi huo akiwa ametulia, nyumbani, kabla hajamwona mtu yeyote mbele yake, na ndiyo maana naona kosa lake ni la hatari na halikuwa kuteleza kwa sekunde moja. Kupiga kelele ili watu wampishe hakuondoi uamuzi ule. Mtembea kwa miguu anaweza kukosea, anaweza kusita akarudi nyuma, na mwendesha chombo anapaswa kuwa amejiandaa kwa makosa ya kawaida ya binadamu.

Kesi iliyotokea katika bustani ya Regent's Park mwaka 2022 ni tofauti, na imenifikirisha zaidi. Bibi wa miaka 81 aliyekuwa akitembea na mbwa wake aligongwa na mmoja wa waendesha baiskeli waliokuwa wakiizunguka bustani kwa kundi ili kufanya mazoezi, akafariki takriban miezi miwili baadaye. Katika uchunguzi wa chanzo cha kifo uliofanyika Mei 2024 ilielezwa kwamba kundi lilikuwa likienda kati ya kilomita 40 na 47 kwa saa, mahali ambapo magari hayaruhusiwi kuzidi kilomita 32. Hakuna aliyeshtakiwa. Ukomo wa mwendo nchini humo umewekwa kwa vyombo vyenye injini, kwa hiyo baiskeli zile hazikuwa zimevunja sheria yoyote ya mwendo, na polisi waliona ushahidi hautoshi kutarajia hukumu.

Wapo waliosema basi ukomo wa mwendo uwekwe kwa baiskeli na shauri liishe. Sikubaliani na njia hiyo kwa sababu baiskeli haina kipima mwendo kilichothibitishwa, na kosa ambalo mtu hawezi kujua kama analifanya ni kosa baya. Lakini sikubaliani pia na wale wanaodhani kwamba kukosekana kwa ukomo huo kunamaliza swali. Mwendesha baiskeli mwangalifu hauhitaji ukomo wa kisheria ili ajue kwamba katika bustani ya umma kuna wazee, watoto na mbwa, na kwamba kwenda kwa kundi lililobanana, kila mmoja akiwa nyuma ya gurudumu la mwenzake ili kukata upepo, kunamnyima nafasi ya kuona na ya kusimama. Swali ambalo mahakama ingeulizwa chini ya kosa jipya lingekuwa hilo hasa, na sijui jopo lingejibu nini. Huenda lingesema ni kukosa uangalifu, huenda lingesema ni ajali. Familia ya marehemu ilistahili swali hilo liulizwe mahali ambapo jibu lina uzito.

Kuhusu adhabu, sioni sawa kifungo cha maisha kuwa ukomo wa juu. Serikali inasema inawaweka waendesha baiskeli sawa na madereva, ambao adhabu yao ya juu kwa kusababisha kifo kwa hatari ilipandishwa mwaka 2022 kutoka miaka 14 hadi maisha. Usawa huo una kasoro. Kanuni za barabara zilizorekebishwa mwaka huo huo wa 2022 zimejengwa juu ya ngazi ya wajibu: anayeweza kudhuru zaidi ndiye mwenye wajibu mkubwa zaidi wa kupunguza hatari, dereva wa lori akiwa juu, kisha wa gari dogo, kisha wa pikipiki, kisha sisi wa baiskeli, na mtembea kwa miguu akiwa wa kulindwa na wote. Mtu anayeendesha chombo cha tani nyingi ovyo ameuchukua uwezekano wa kuua watu kadhaa mara moja, na kila mtu mzima analijua hilo anapogeuza ufunguo. Anayeendesha baiskeli ovyo amechukua uwezekano mdogo zaidi, na mara nyingi mwili wake mwenyewe uko katika hatari hiyo hiyo. Hatia hupimwa kwa kile ambacho mtu alikijua na akakidharau, na kwa kipimo hicho miaka 14, ile ya madereva kabla ya 2022, ingetosha kwa kesi mbaya kuliko zote ninazoweza kuziwaza. Anayeitumia baiskeli kama silaha kwa makusudi, sheria ya kuua ipo tayari kwa ajili yake.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni kosa la kukosa uangalifu lenye miaka mitano, ambalo halijazungumzwa nusu ya lile la kwanza. Kukosa uangalifu ni kuanguka chini ya kiwango, bila kufika chini kabisa. Ni kutazama nyuma sekunde moja zaidi kwa sababu lori linakaribia. Kumfunga mtu kwa sekunde kama hiyo, hata kama imezaa kifo, ni kuadhibu bahati yake mbaya, na nimelipinga jambo hilo hata lilipowahusu madereva. Kwa kosa hilo ningependelea mahakama iwe na kazi za kijamii, amri ya kumzuia mtu asipande baiskeli barabarani kwa muda fulani, na kikao ambacho familia ya marehemu ikitaka inaweza kumuuliza maswali yake ana kwa ana.

Jambo jingine linapotea katika kelele. Baiskeli nyingi zinazowatisha watu mijini leo zina mota. Kwa sheria ya Uingereza baiskeli ya umeme inabaki kuwa baiskeli endapo mota yake haizidi wati 250 na inaacha kusaidia ikifika takriban kilomita 25 kwa saa, tena kwa sharti kwamba mpandaji anapiga pedeli. Iliyochezewa ikaenda kilomita 50 bila pedeli kuguswa tayari ni chombo chenye injini mbele ya sheria, na anayeua nayo anaweza kushtakiwa kama dereva. Wengi wa wanaozipanda ni vijana wanaosambaza chakula, wahamiaji kwa sehemu kubwa, baadhi yao watu wa kwetu, wanaolipwa kwa kila mzigo wanaoufikisha na wasiolipwa chochote kwa kusimama kwenye taa nyekundu. Siwaondolei wajibu wao. Ila sheria inayomfuata kijana hadi gerezani na kuishia mlangoni mwa kampuni inayompangia muda na malipo itakuwa imefanya nusu ya kazi.

Kwetu Afrika Mashariki pengo hili lina sura nyingine. Kanuni za Adhabu za Tanzania na Kenya, zote mbili zilizorithiwa kutoka utawala wa Mwingereza, zina kosa la kuendesha chombo au kupanda katika njia ya umma kwa uzembe unaohatarisha maisha, kifungu cha 233 Tanzania na cha 243 Kenya, na maneno yake ni mapana kiasi cha kumgusa hata wa baiskeli. Lakini kifungu cha 46 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya, ambacho kinampa aliyesababisha kifo barabarani hadi miaka kumi jela, kinapozungumzia uendeshaji wa hatari kinamtaja anayeendesha chombo chenye injini. Wa baiskeli aliyeua anabaki na kosa dogo la uzembe upande mmoja na kuua bila kukusudia upande wa pili, kama ilivyokuwa Old Street. Miji yetu inapoanza kujenga njia za baiskeli, ingefaa suala hili lishughulikiwe kabla ya msiba wa kwanza utakaotikisa taifa.

Na sheria yoyote itakayoishia kwenye kifungo itawaacha waliofiwa mikono mitupu. Aliyeuawa na gari Uingereza, familia yake hulipwa fidia kwa sababu bima ya gari ni ya lazima tangu mwaka 1930, na pale dereva asipokuwa na bima au akitoroka, upo mfuko ulioanzishwa na kampuni za bima mwaka 1946 unaobeba mzigo huo. Aliyeuawa na baiskeli, familia yake inaweza kumdai mwendesha baiskeli mwenyewe, ambaye huenda ni kijana wa miaka 18 asiye na kitu. Sitaki bima ya lazima kwa kila baiskeli, kwa kuwa ingewaondoa barabarani watoto na maskini na kuwarudisha watu kwenye magari yanayoua zaidi. Naomba mfuko ule upanuliwe ili ulipe pia katika vifo hivi vichache. Kwa kuwa ni vichache, kama wenzangu wanavyosema kila mara, gharama yake itakuwa ndogo, na ningefurahi kuwaona wao wakiwa wa kwanza kuidai.